MZALISHAJI NI NANI, NA NYENZO NI ZA NANI?

Katika hotuba za majukwaani, katika taarifa za Halmashauri na katika madaftari ya wanafunzi, neno "mzalishaji" hutajwa karibu kila siku. Mkulima huitwa mzalishaji, mvuvi huitwa mzalishaji, mchimbaji wa madini na fundi vilevile. Ni neno la heshima, na wanaoitwa kwalo wanalistahili. Lakini neno linalotajwa kila siku bila kupimwa huchakaa, mpaka msemaji na msikilizaji wakadhani wanaelewana kumbe kila mmoja ana maana yake. Yafaa basi neno hili lipimwe upya, na mahali pazuri pa kulipimia ni Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, ambako milima ya kahawa, ziwa la samaki na migodi ya makaa ya mawe vimekaribiana.

Wananchi wa huko hawajapata kusifika kwa uvivu. Wamatengo wamelima miteremko mikali ya milima yao kwa zaidi ya miaka mia moja, na wavuvi wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay hukesha ziniwani usiku kucha. Lau jasho peke yake lingekuwa utajiri, kusingekuwa na maskini katika milima ile wala katika pwani ile. Hivyo swali la kuulizwa si kama watu wanafanya kazi. Swali ni kwa nini mtu azalishe mwaka baada ya mwaka na bado alazimike kukopa chakula kabla ya mavuno. Jibu la swali hilo haliwezi kupatikana katika neno "mzalishaji" likiwa peke yake. Linapatikana katika neno la pili linalopaswa kutajwa pamoja nalo, yaani "nyenzo".

BIDHAA ZA AINA MBILI

Elimu ya uchumi huzigawa bidhaa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni bidhaa za matumizi, nazo ni zile zinazomaliza haja ya mtu moja kwa moja, kama vile ugali, shati, sabuni na mafuta ya taa ya kuangazia nyumba. Fungu la pili ni bidhaa za uzalishaji, nazo ni zile zisizotakiwa kwa ajili yake zenyewe, bali kwa ajili ya kile zitakachozaa. Hakuna anayekula jembe, wala anayevaa cherehani, wala anayekunywa mbolea. Vitu hivyo hutafutwa kwa kuwa vina kazi ya kufanya kabla ya kitu kingine kupatikana.

Mgawanyo huu umefikiriwa na wataalamu wa mielekeo mbalimbali. Mwaka 1871 Carl Menger wa Austria alizipanga bidhaa kwa madaraja, kuanzia kile kinacholiwa hadi vile vinavyokitangulia. Karl Marx, katika juzuu ya pili ya kitabu chake kuhusu mtaji, iliyochapishwa mwaka 1885 baada ya kufa kwake, aligawa uzalishaji wote wa jamii katika idara mbili, moja ya kutengeneza zana za uzalishaji na nyingine ya kutengeneza mahitaji ya watu. Alfred Marshall wa Uingereza naye alizungumzia mgawanyo huo mwaka 1890, na akakiri kwamba mpaka kati ya mafungu hayo mawili hauko wazi daima. Hawa hawakukubaliana katika mambo mengi, lakini wote waliona umuhimu wa kutofautisha kile kinacholiwa na kile kinachozalisha.

Mwalimu hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa kuwapa wanafunzi wake. Ugali uliopo mezani ni daraja la kwanza. Unga ni la pili. Mahindi pamoja na mashine ya kusaga ni la tatu. Mbegu, jembe, mbolea na shamba lenyewe ni la nne. Na jembe nalo lina chuma chake, na chuma kina makaa yake. Kadiri mtu anavyopanda madaraja hayo ndivyo anavyokutana na watu wachache zaidi, nao wachache hao ndio wanaoamua wale wa chini wale nini, lini, na kwa bei gani.

Jambo moja zaidi lapasa kushikwa. Kitu hakizaliwi na chapa ya fungu lake usoni. Debe la mahindi likienda jikoni ni bidhaa ya matumizi, na debe lilo hilo likihifadhiwa darini kwa ajili ya msimu ujao ni bidhaa ya uzalishaji. Usipa akikaangwa ni kitoweo, na akisagwa kuwa chakula cha kuku ni nyenzo ya mfugaji. Kinachoamua ni kazi ambayo kitu hicho kimepewa. Kwa sababu hiyo familia inayokula mbegu yake haikupoteza debe moja tu. Imekula mavuno ya mwakani.

NYENZO ILIYOTENGENEZWA KWA MIKONO

Umatengoni ipo bidhaa ya uzalishaji ambayo haikununuliwa dukani wala haikuletwa na mfadhili. Nayo ni ngoro. Katika karne ya kumi na tisa, wakati wa vita vya Wangoni, watu wengi walikimbilia katika milima mikali, na huko walilazimika kupata chakula kingi katika ardhi ndogo iliyoinama. Njia waliyoiendeleza ni ya kufyeka majani, kuyalaza kwa mistari inayokatana mfano wa miraba, kisha kuyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Shimo linalobaki hukamata maji ya mvua yasiteremke kwa kasi na kuondoka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo karibu na mwezi Machi, na mahindi hufuata mwishoni mwa mwaka.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani waliichunguza njia hii tangu miaka ya 1990, wakaona jinsi inavyohifadhi udongo katika miteremko mikali. Kwa lugha ya uchumi, ngoro ni mtaji. Ni kazi ya jana iliyowekwa akiba ardhini ili isaidie kazi ya kesho. Mtu anayesema kwamba mwanakijiji hana mtaji hadi benki ifungue tawi kijijini hajatazama vizuri mlima uliopo mbele yake.

Lakini ngoro inafundisha na jambo la pili, lisilopendeza kusikika. Kwa desturi kazi ya kufyeka majani ni ya wanaume, na kazi ndefu ya kuchimba, kufukia na kupanda imewaangukia zaidi wanawake. Kahawa nayo, ambayo ndiyo inayoleta fedha taslimu, mara nyingi imekuwa kwa jina la mume, na jina la mume ndilo lililo katika daftari la ushirika. Hapo neno "mzalishaji" linapata mtihani wake wa kwanza. Ikiwa mzalishaji ni yule anayefanya kazi, basi daftari limemwacha nusu ya wazalishaji nje. Ikiwa mzalishaji ni yule aliyeandikwa, basi neno hilo halina uhusiano tena na jasho. Mtendaji anayegawa pembejeo kwa kufuata daftari peke yake yampasa alijue hilo kabla hajafungua ghala.

KAHAWA ILIYOUZWA IKIWA MAUA

Kahawa iliingia katika milima ya Umatengo katika miaka ya 1920. Mche wa kahawa ni bidhaa ya uzalishaji iliyo dhahiri kuliko zote: hauliwi, haukatwi kuni, na kwa takriban miaka mitatu ya mwanzo haumpi mwenyewe kitu. Unataka samadi, mbolea, kupogolewa, na dawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Baada ya kuvuna unataka mashine ya kumenyea, maji safi na vichanja vya kuanikia. Kituo cha utafiti cha Ugano, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kimesaidia kueneza miche inayostahimili magonjwa hayo. Yote hayo ni nyenzo, na zote zina wakati wake. Mbolea inayofika baada ya mvua kwisha haina manufaa ya msimu huo, hata kama hati ya kuipokea imegongwa mhuri.

Kwa miaka mingi kazi ya kuleta nyenzo hizo kwa wakati ilikuwa mikononi mwa ushirika. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kiliwapa wakulima pembejeo kwa mkopo, kisha kikakata deni lake katika malipo ya kahawa. Mkulima hakuwa na haja ya fedha mkononi mwezi wa Februari. Alikuwa na haja ya jina katika chama. Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka duniani. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na MBICU ikaanguka. Wanunuzi walikuja na fedha taslimu wakati wa mavuno, na wengi walifurahi. Lakini mnunuzi wa kahawa si mleta pembejeo. Mlango wa kuuzia ulibaki wazi, na mlango wa kupatia nyenzo ukafungwa. Wakulima wengi waliacha kunyunyizia dawa, na miti ikadhoofika.

Katika pengo hilo desturi iitwayo magoma imepata nguvu. Mkulima mwenye shida huuza kahawa yake ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei iliyo chini sana ya ile itakayolipwa msimu ukifika. Huko Kagera desturi kama hiyo huitwa butura. Uchukuliwe mfano wa hesabu ya darasani. Mtu anapokea shilingi 100,000 mwezi wa Februari kwa ahadi ya kahawa ambayo mwezi wa Agosti itakuwa na thamani ya shilingi 250,000. Katika miezi sita amelipa shilingi 150,000 kwa kutumia shilingi 100,000. Hakuna benki nchini ambayo ingethubutu kutangaza riba ya namna hiyo ukutani.

Viongozi wa Serikali wameikemea magoma mara nyingi, na ni haki kuikemea. Hata hivyo yapo maneno ambayo mtetezi wa magoma huyasema, na si vyema kuyaziba masikio. Husema kwamba mwenye fedha alikuja mwezi wa Februari, wakati mtoto alipotakiwa kwenda shule na debe lilipokuwa tupu, na mwezi huo hakuonekana mtu mwingine yeyote. Maneno hayo ni ya kweli. Tangu mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika na minada, na hatua hiyo ilikusudiwa kumlinda mkulima sokoni. Lakini mnada humlinda mtu ambaye kahawa bado ni yake. Aliyekwisha kuiuza ikiwa maua huenda mnadani kama mchukuzi wa mzigo wa mwingine.

Hapa ndipo maana ya mzalishaji inapodhihirika. Yule aliyeuza zao lake kabla halijaiva bado anapalilia, bado anachuma, bado anaanika, na takwimu bado zinamhesabu kuwa mzalishaji wa kahawa. Lakini uamuzi umemtoka. Hachagui amwuzie nani, wala lini, wala kwa bei gani. Amekuwa kibarua katika shamba lililo na jina lake. Mzalishaji kwa maana iliyo kamili ni yule anayefanya kazi na ambaye nyenzo za kazi yake ziko chini ya mamlaka yake, ama yeye mwenyewe, ama yeye pamoja na wenziwe katika chama wanachokiendesha. Nyenzo zikitoka mikononi mwake, jasho linabaki lake na tunda linakuwa la mwingine.

ZIWANI NA UFUKWENI

Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inaonyesha jambo hilohilo kwa sura ya maji. Mvuvi asiye na chombo wala nyavu huingia ziwani kwa mikono yake tu. Mwenye mtumbwi, nyavu na taa huchukua fungu lake hata akiwa amelala nyumbani, na wale waliokesha hugawana kilichobaki. Mwenye chombo hakutenda dhambi kwa kukimiliki, kwa maana chombo kina gharama na huharibika. Lakini ni wazi kwamba njia ya kumwinua mvuvi wa chini haiko katika kumhimiza akeshe zaidi. Iko katika kumwezesha yeye na wenziwe kumiliki chombo.

Tena si kila nyenzo ni ya gharama kubwa. Usipa akianikwa mchangani huchanganyika na mchanga, huokotwa na ndege, na mvua ikinyesha huoza. Usipa yuleyule akianikwa juu ya chanja hukauka upesi, hubaki safi, na hupata bei nzuri zaidi. Chanja ni miti, misumari na wavu. Kati ya mvua ya ghafla na hasara ya usiku mzima wa kazi, mara nyingine kilichokosekana ni chanja na turubai.

Samaki wenyewe ni nyenzo pia. Mbasa hupanda mito kwenda kutaga mayai, na Mto Ruhuhu ni mmojawapo. Anayeziba mto kwa nyavu wakati wa kutaga, au anayetumia nyavu za macho madogo mno, anafanya kile kile kinachofanywa na familia iliyokula mbegu. Maji ya mto, misitu ya vyanzo na mazalio ya samaki havionekani katika hesabu za kiwanda chochote, lakini ndivyo vilivyotangulia kila ndoo ya samaki inayofika sokoni.

Kule milimani, wanakijiji wa Kindimba walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba maji yanaweza kuwa nyenzo ya kijiji kizima. Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine na kwa msaada wa Japani walijenga mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa na nguvu ya maji, na usimamizi wake ukawekwa chini ya kamati iliyopewa jina la sengu, yaani baraza la jadi ambamo Wamatengo walikula pamoja na kushauriana. Fundisho lake ni kwamba nyenzo ya pamoja hudumu inapokuwa na watu wanaoitolea hesabu, na inapoeleweka kwamba anayefyeka msitu wa chanzo anaisimamisha mashine.

MAKAA, CHUMA NA FUNDISHO LA MIAKA ILIYOPITA

Kinachoonekana shambani huonekana pia katika Taifa zima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi chini ya wakulima na wafanyakazi kwa kupitia Serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Katika miaka ya 1970 Taifa liliweka mkakati wa viwanda vya msingi, ukiwa na nia ya kutengeneza nchini vile vinavyotengeneza vingine. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo na baadaye kile cha Mbeya vilifua majembe. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nia ilikuwa sahihi, na matokeo yake lazima yasemwe bila kupamba. Kiwanda cha Tanga kilitegemea malighafi kutoka nje, na fedha za kigeni zilipoadimika kikadhoofu, hata kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vya majembe navyo havikudumu baada ya biashara kufunguliwa na mashirika ya umma kubinafsishwa. Fundisho halisemi kwamba Taifa lisitengeneze nyenzo zake. Linasema kwamba kiwanda cha nyenzo kinachoagiza nje nyenzo zake chenyewe hakijakata utegemezi. Kimeusogeza daraja moja juu. Na linasema pia kwamba mali ya umma isiyotunzwa wala kukaguliwa haiwi ya umma kwa kuandikwa hivyo langoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ruvuma ya leo ina sababu ya kulishika fundisho hilo. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011. Makaa ni bidhaa ya uzalishaji, kwani yanachoma chokaa ili simenti ipatikane. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje, viwanda vya simenti vya nchini vilielekezwa Ngaka. Miaka michache baadaye makaa ya Ruvuma yakaanza kupakiwa melini katika bandari ya Mtwara kwenda nchi za mbali. Kwa upande wa fedha za kigeni hiyo ni neema. Lakini makaa yanayotoka hayarudi, na shimo lililobaki halizai tena kama ngoro inavyozaa. Basi yapasa iulizwe: mapato ya makaa yanageuzwa kuwa nini? Yakigeuzwa kuwa posho na samani, Taifa limekula mbegu. Yakigeuzwa kuwa mashine, miche, karakana na elimu, nyenzo moja imezaa nyingine. Vilevile ng'ambo ya Ruhuhu, wilayani Ludewa, chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma vimezungumzwa kwa miongo mingi. Taifa linaloagiza majembe huku limekalia chuma lina deni kwa wakulima wake.

Barabara ya lami iliyojengwa kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay nayo ni nyenzo kubwa, na vivyo hivyo meli za Ziwa Nyasa. Hata hivyo barabara haina upendeleo. Lori linalochukua kahawa na usipa ndilo linaloleta viatu vya plastiki na juisi za makopo. Barabara humtajirisha yule aliyejiandaa kuitumia, na kujiandaa huko maana yake ni kuwa na nyenzo kabla lori halijafika.

KAZI YA MTUMISHI NA MWALIMU

Huenda msomaji aliye ofisini au darasani akajiuliza yeye yuko upande gani. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, aliwaweka watumishi wa dola na wasomi katika fungu la wasiozalisha, kwa kuwa kazi yao hupotea pale pale inapotendeka. Wataalamu waliofuata walilikataa wazo hilo, na walikuwa na haki. Mwalimu anayemfundisha mtoto kupima shamba na kusoma mizani anatengeneza nyenzo isiyoibika. Lakini hoja ya Smith inabaki kuwa onyo. Ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, hukatwa katika kahawa ya mtu aliyeinama mlimani. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mtumishi wa umma anakuwa mzalishaji kwa kiasi kile tu ambacho kazi yake inamfikishia mzalishaji nyenzo kwa wakati. Zaidi ya hapo, ni mlaji mwenye ofisi.

Kwa hiyo yapo mambo manne ya kutendwa. La kwanza ni hesabu. Taarifa za wilaya huorodhesha tani zilizovunwa na fedha zilizokusanywa. Ziorodheshe pia vichanja vilivyopo, mashine za kumenyea zinazofanya kazi na zilizokufa, miche iliyopandwa na iliyong'olewa, nyavu halali na vyombo, na majina ya wanaovimiliki, wake kwa waume. Tani huonyesha mwaka uliopita. Nyenzo huonyesha mwaka ujao.

La pili ni mikopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri imetengwa kisheria kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa mwaka 2024. Kila kikundi kinachoomba kiulizwe swali moja rahisi: fedha hii itanunua kitu cha kuliwa au kitu cha kuzalisha?

La tatu ni kalenda. Ruzuku ya mbolea iliyorudi msimu wa 2022/2023 ina maana kamili ikifika kijijini kabla ya mvua. Magoma haitashindwa kwa amri inayotolewa Agosti. Itashindwa na chama cha msingi na chama cha akiba na mikopo vitakavyokuwa na mbolea na mkopo wa chakula mwezi wa Februari, kwa riba inayojulikana na kuandikwa. Adui anayekuja mapema hazuiwi na mlinzi anayechelewa.

La nne ni la walimu. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ziwe na mashamba, na mara nyingi shamba likageuzwa adhabu. Shule ya Litembo au ya Liuli inaweza kuwa na kitalu cha miche, na mwanafunzi akaandika katika daftari gharama ya kila mche, muda wake na mazao yake. Mtoto aliyejifunza hivyo akikua hatadanganywa kwa hesabu ya shilingi 100,000 ya Februari.

Nchi haihukumiwi kwa wingi wa wanaoitwa wazalishaji, bali kwa idadi ya wale wanaobaki na zao lao mpaka siku ya kuliuza. Mwanamke anayefukia majani katika ngoro na kijana anayevuta nyavu gizani wamekwisha kutimiza sehemu yao. Sehemu iliyosalia ni ya wale wenye kalamu, funguo za ghala na chaki, nayo yapasa itimizwe kabla ya kahawa kuchanua.